Vichekesho Vinne vya Mapenzi vya Hollywood ya Kale: Uanze na Kipi?

Mtu anayetaka kuvionja vichekesho vya mapenzi vya Hollywood ya kale hutatizwa na wingi wake kabla hajatatizwa na lugha. Tangu miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 studio za Marekani zilitengeneza filamu za aina hii mfululizo, na orodha nyingi za filamu bora huzipanga kwa umaarufu au kwa idadi ya tuzo, vigezo ambavyo havimwambii mgeni kama filamu fulani itamfaa kwa jioni aliyonayo. Nimechukua nne ambazo ningempa mtu yeyote bila wasiwasi: It Happened One Night ya mwaka 1934, The Shop Around the Corner ya 1940, Roman Holiday ya 1953 na The Apartment ya 1960. Zote ni za rangi nyeusi na nyeupe, na kila moja ina mashabiki watakaoapa kwamba hakuna iliyo juu yake. Mimi pia ninayo ninayoitanguliza, na nitaitetea mahali pake.

Nitazilinganisha hasa kwa desturi zilizomo, yaani taratibu za zamani ambazo leo hazipo tena au zimebaki kwa wachache: barua za watu wasiofahamiana, kofia inayovuliwa mbele ya mwanamke, mwanamume asiyethubutu kuposa akiwa mikono mitupu, wafanyakazi wenza wanaoitana Bwana na Bibi kwa miaka mingi. Wengi hudhani mambo haya ni mapambo tu, kama mavazi na magari ya enzi hiyo. Kwa maoni yangu ndiyo yanayoendesha visa vyenyewe. Kisa cha mapenzi hakiendi bila kizuizi. Wawili wakipendana saa mbili na kuelewana saa tatu, mtazamaji hana cha kungojea. Mwandishi wa leo hulazimika kukitafuta kizuizi kwa tochi, kwa sababu ujumbe mmoja wa simu ungemaliza kila sintofahamu, ilhali mwandishi wa zamani alikikuta tayari ndani ya adabu za watu wake. Kwa hiyo anayechagua kati ya filamu hizi anachagua pia aina ya kizuizi anachotaka kukitazama kikiyeyuka.

Kulikuwa vilevile na kizuizi kilichotoka nje ya hadithi. Mwaka 1930 studio kubwa za Marekani zilikubali kanuni ya maadili ya utengenezaji wa filamu, na kuanzia Julai 1934 kanuni hiyo ilisimamiwa kwa ukali na ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen, hadi ilipoachwa mwaka 1968 na nafasi yake kuchukuliwa na mfumo wa madaraja ya umri. Ilikataza mabusu marefu yenye tamaa, ilikataza uzinzi kuonyeshwa kama jambo la kuvutia, na ilitaka ndoa iheshimiwe. Waandishi wenye kipaji walijibu kwa kuhamishia mapenzi kwenye mazungumzo, na ndiyo sababu wahusika wa filamu hizi wanazungumza vizuri kiasi hiki. It Happened One Night ilitoka Februari 1934, miezi michache kabla kamba haijakazwa, na The Apartment ilitoka wakati kamba imeanza kulegea. Nyingine mbili zimo katikati kabisa, na unyenyekevu wao unaonekana.

It Happened One Night: blanketi kati ya vitanda viwili

Hii ndiyo yenye historia kubwa kuliko zote nne. Frank Capra aliiongoza katika studio ya Columbia, ambayo wakati huo haikuhesabiwa miongoni mwa studio kubwa, nayo ikachukua tuzo zote tano kuu za Oscar: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mswada. Hakuna filamu iliyorudia jambo hilo hadi ile ya mwaka 1975 iliyohusu hospitali ya wagonjwa wa akili, One Flew Over the Cuckoo's Nest.

Kisa ni chepesi. Ellie Andrews, binti wa tajiri, ameolewa kwa haraka na mwanamume ambaye baba yake hamtaki. Baba anamfungia katika boti yake ya kifahari huko Florida, binti anajitosa majini, anaogelea hadi nchi kavu na kupanda basi la usiku kuelekea New York kwa mumewe. Ndani ya basi anakutana na Peter Warne, mwandishi wa habari aliyetoka kufukuzwa kazi, ambaye anamtambua na kukubali kumsaidia ili apate habari ya kuuza. Claudette Colbert na Clark Gable wanawaigiza hawa wawili kana kwamba hakuna aliyewaandikia maneno.

Tukio linalofaa kuangaliwa kwa karibu ni la usiku wa mvua. Daraja limeharibika, abiria wamekwama, na kuna kambi ya vibanda vya kupangisha kwa wasafiri wa magari. Fedha zinatosha kibanda kimoja tu, na mwanamume na mwanamke hawawezi kupewa kibanda kimoja bila ndoa, kwa hiyo Peter anawaandikisha kama mume na mke. Kisha anafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, anatundika blanketi katikati ya vitanda viwili na kuliita kuta za Yeriko, akieleza kwamba yeye hana tarumbeta ya kuziangusha. Anampa Ellie pajama zake mwenyewe. Taa inazimwa, mvua inapiga dirishani, na wawili hao wanalala kila mmoja upande wake wakizungumza kupitia kitambaa. Kila aliyesoma sura ya sita ya kitabu cha Yoshua anajua kuta hizo zilipata nini, na Capra anamwacha mtazamaji angojee tarumbeta hiyo kwa zaidi ya saa moja. Hakuna kinachoonyeshwa, na mtu mzima hakosi kuelewa chochote.

Desturi ya pili, ambayo watazamaji wa leo huipita bila kuitambua, ni ile ya fedha. Ellie anapovuka upande wa pili wa blanketi na kumwambia Peter kwamba anampenda, yeye anamrudisha kitandani kwake. Usiku huohuo, Ellie akiwa usingizini, Peter anaendesha gari hadi New York kuuza habari yake kwa dola 1,000, kwa sababu kwa adabu za wakati wake mwanamume hawezi kumposa binti wa watu akiwa hana hata senti. Wenye kambi wanaamka, wanakuta gari limeondoka, wanamtimua Ellie, naye anaamini kwamba ameachwa. Msiba wote wa nusu ya mwisho unatokana na heshima ya mwanamume kuhusu mfuko wake. Baadaye anakwenda kwa baba wa binti, na mzee anadhani amefuata zawadi ya dola 10,000 iliyotangazwa. Peter anadai dola 39 na senti 60 tu, gharama halisi ya safari, zikiwa zimeandikwa moja moja. Msomaji aliyelelewa katika jamii yenye posa na mahari hatahitaji kuelezwa kwa nini baba anabadilisha mawazo yake papo hapo.

Kasoro zake zisifichwe. Baba anampiga binti kofi, Peter anamchapa makalioni akiwa amembeba begani kuvuka kijito, na wanaume wote wawili wanazungumza kana kwamba mwanamke anahitaji kunyooshwa. Filamu haioni ubaya wowote katika hayo. Kwa upande mwingine, huu ni wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na njaa ya kweli inaonekana ndani ya basi pale mama mmoja anapozimia kwa kukosa chakula huku mwanawe akilia. Filamu zenye kuchekesha zilizothubutu kuingiza njaa ndani ya kicheko bila kuiharibu si nyingi.

Kwa wapenzi wa filamu za Kihindi, ambazo zimetazamwa vizazi na vizazi Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, kuna njia ya mkato: Chori Chori ya 1956, yenye Raj Kapoor na Nargis, ni kisa hikihiki kilichovishwa nyimbo, na Dil Hai Ke Manta Nahin ya 1991 ikakirudia tena. Aliyeiona mojawapo ataingia katika filamu ya Capra kama mtu anayejua njia.

The Shop Around the Corner: sanduku namba 237

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na nitaikalia zaidi.

Ernst Lubitsch aliitengeneza katika studio ya MGM kutokana na tamthilia ya Kihungari ya Miklós László, na akakiacha kisa mjini Budapest, katika duka la mikoba, pochi na bidhaa za zawadi la mzee Matuschek. Alfred Kralik, anayeigizwa na James Stewart, ndiye karani mkuu. Klara Novak, anayeigizwa na Margaret Sullavan, anaingia akitafuta kazi na anaipata kwa ujanja wa ajabu: anachukua kasha la sigara linalopiga muziki, bidhaa ambayo Kralik alikwisha kuikataa, na kumuuzia mteja mnene kama kasha la peremende litakalomkumbusha kila anapolifungua kwamba anakula mno. Tangu siku hiyo hawaelewani. Wanasimama nyuma ya kaunta moja kila siku, wanaitana Bwana Kralik na Bibi Novak, na kila neno kati yao lina mwiba.

Wakati huohuo kila mmoja ana rafiki wa barua asiyemjua kwa jina wala kwa sura, aliyempata kupitia tangazo gazetini. Wanaandikiana kuhusu vitabu na fikra, wanaanza kupendana kwa kalamu, na mtazamaji anatambua mapema kwamba kila mmoja wao ndiye rafiki wa mwenzake. Msomaji wa Afrika Mashariki ana faida hapa ambayo Mmarekani wa leo hana. Kwetu anwani bado ni sanduku la posta, na wapo wengi waliowahi kuwa na marafiki wa kalamu waliopatikana kwenye kurasa za magazeti, wakajua ilivyo kwenda posta na ufunguo mkononi bila kujua kama kuna kitu ndani. Lubitsch ana picha moja tu ya jambo hilo. Tuko upande wa ndani wa posta, nyuma ya ukuta wa masanduku. Mlango mdogo wa sanduku namba 237 unafunguliwa, mkono wenye glavu unaingia, unapapasa huku na huku, haupati kitu. Kisha uso wa Klara unainama kutazama ndani ya sanduku tupu. Picha haidumu hata nusu dakika, nayo inatosha kumfanya mwanamke aliyekuwa akiudhi kwa ukali wake awe mtu ambaye huwezi tena kumchukia.

Nguvu ya filamu hii ipo katika kile ambacho desturi ya barua inawafanyia watu wawili wa kawaida. Mchana wao ni makarani wenye hofu ya kufukuzwa, kwa kuwa kazi ni adimu na bwana mwenye duka ana hasira za ghafla. Usiku, wakiwa na kalamu, wanakuwa watu wapana kuliko maisha yao. Wala barua hizo hazisemi uongo. Zinasema ukweli ambao dukani hauna nafasi. Swali la filamu ni kama mtu anaweza kuvumilia kugundua kwamba mwandishi wa barua zile nzuri ndiye yuleyule anayemkera kila asubuhi, na swali hilo lina uzito hata kwa watu ambao hawajawahi kununua stempu.

Angalia jinsi ugunduzi wenyewe ulivyopangwa. Wamekubaliana kukutana mkahawani. Mwanamke ataweka mezani kitabu cha Anna Karenina chenye ua. Kralik anafika akiwa amefukuzwa kazi mchana uleule, hana moyo wa kuchungulia dirishani, na anamwomba rafiki yake mpole Pirovitch achungulie kwa niaba yake. Pirovitch anatazama na kuanza kumtayarisha taratibu: ni msichana mzuri, ana sura inayofanana kidogo na ya Bibi Novak. Kralik anasema hayo hayamhusu. Ndipo Pirovitch anapomweleza kwamba kama hampendi Bibi Novak, basi hatampenda huyu pia, kwa kuwa ni yeye. Yote haya tunayapata kwenye nyuso za wanaume wawili walio nje ya dirisha. Kuanzia hapo Kralik anajua na Klara hajui, na namna anavyolitumia jambo hilo, mwanzoni kwa kujihami na baadaye kwa upole unaozidi kila siku, ndiyo inayobeba sehemu iliyobaki hadi mkesha wa Krismasi.

Ipo huzuni pia. Mzee Matuschek anamshuku Kralik kuwa na uhusiano na mkewe, kumbe mhusika ni karani mwingine, na ukweli unapomfikia anajaribu kujiua. Anaokolewa na Pepi, kijana wa kupeleka mizigo. Jaribio hilo halionyeshwi, lakini linajulikana, na anayetazama na watoto wadogo alijue mapema. Mimi naona filamu ingepungukiwa bila huzuni hiyo, kwa sababu ndiyo inayolifanya duka liwe mahali ambapo watu wanategemeana kweli, si jukwaa la wapenzi wawili.

Roman Holiday: binti mfalme bila walinzi

William Wyler aliipiga filamu hii Roma kwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa studio zilizozoea kujenga miji ya kigeni ndani ya uwanja wao huko California, na ilimpa Audrey Hepburn tuzo ya Oscar kwa nafasi yake kuu ya kwanza katika filamu ya Hollywood. Kisa kiliandikwa na Dalton Trumbo, ambaye jina lake halikuweza kutajwa kwa sababu alikuwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku kwa tuhuma za ukomunisti. Tuzo ya Oscar iliyostahili kuwa yake ilitolewa kwa jina lake mwaka 1993, baada ya kifo chake.

Binti mfalme Ann, aliyechoshwa na ziara rasmi, anatoroka usiku na kulala usingizi wa dawa barabarani. Joe Bradley, mwandishi wa habari wa Kimarekani anayeigizwa na Gregory Peck, anamchukua kwake bila kumjua, kisha anapomtambua anaamua kumtembeza mjini siku nzima ili apate habari itakayomletea dola 5,000. Desturi inayotawala hapa ni itifaki, na inaelezwa kwa picha moja mwanzoni ambayo haihitaji neno. Binti mfalme amesimama akipokea wageni mashuhuri mmoja baada ya mwingine, uso wake umetulia, na chini ya gauni refu amevua kiatu kimoja kupumzisha mguu. Kiatu kinaanguka, hakipatikani, na yeye anaendelea kutabasamu.

Kati ya zote nne, hii ndiyo rahisi kupendwa. Kuna pikipiki ya Vespa, kuna aiskrimu kwenye ngazi mashuhuri za Roma, kuna nywele ndefu zinazokatwa kwa kinyozi, na kuna jiwe la Mdomo wa Ukweli, linalosemekana kuung'ata mkono wa mwongo, ambamo Peck anauficha mkono wake ndani ya nguo kana kwamba umeng'atwa, mzaha ambao Hepburn hakuambiwa kabla, kwa hiyo mshtuko wake ni wa kweli. Mazungumzo ni ya polepole kuliko ya filamu nyingine, na mtu ambaye Kiingereza chake ni cha shule atafuata bila shida.

Ninaiweka ya pili. Kizuizi chake ni kikubwa sana, maana taji si kitu kinachojadiliwa, na kwa sababu hiyo wapendanao hawapati nafasi ya kushindana nacho kama wanavyoshindana wale wa Budapest. Wanakipa mgongo siku moja, kisha wanakirudia. Lakini mwisho wake una heshima ambayo sijaiona ikifikiwa mara nyingi: mkutano na waandishi wa habari, watu wawili wanaojifanya hawajuani, maneno ya kidiplomasia yenye maana mbili, na kupeana mikono. Anayetaka filamu imalizike kwa ndoa asiichague. Anayeamini kwamba wajibu nao ni sehemu ya mapenzi hatapata iliyo bora.

The Apartment: kofia ndani ya lifti

Billy Wilder aliitengeneza wakati adabu za zamani zilikuwa zinaporomoka, na anaonyesha kuporomoka kwake bila kulaumu kwa sauti kubwa. C. C. Baxter, anayeigizwa na Jack Lemmon, ni karani katika kampuni ya bima ya New York yenye wafanyakazi 31,259 kwa hesabu anayoitoa mwenyewe. Wakubwa wake, wanaume wenye ndoa, wanaazima ufunguo wa nyumba yake ili wakutane na wasichana, na wanamlipa kwa ahadi za kupandishwa cheo. Yeye anangojea nje kwenye baridi hadi wamalize. Anampenda Fran Kubelik, mwendesha lifti anayeigizwa na Shirley MacLaine, bila kujua kwamba Fran ndiye anayeletwa nyumbani kwake na mkubwa wa utumishi, Sheldrake.

Fran ana sababu moja ya kumtofautisha Baxter na wanaume wengine wa jengo lile: ni yeye peke yake anayevua kofia akiingia kwenye lifti. Wilder hamwachi mtu alidharau jambo hilo dogo. Baada ya kupandishwa cheo Baxter ananunua kofia mpya ya kimeneja na kumwomba Fran maoni. Fran anampa kioo chake cha mkononi ajitazame, na kioo kina ufa. Baxter anakitambua. Kilisahaulika nyumbani kwake, na ni yeye aliyekirudisha kwa Sheldrake. Katika sekunde chache, bila mtu kueleza chochote, anajua kila kitu, na sisi tunamwona akijua huku kofia ikiwa bado kichwani.

Filamu hii ilipata tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na kwa ufundi wa mswada pengine inazizidi zote tatu. Hata hivyo si ya kuanzia. Ina uzinzi, ina dharau ya wakubwa kwa wanawake wa kazini, na Fran anakunywa vidonge vya usingizi usiku wa mkesha wa Krismasi. Hata kicheko chake kina uchungu. Mtu aliyekwisha kuona jinsi adabu zilivyowalinda, na pia kuwafunga, watu wa 1934 na 1940 ataelewa zaidi kwa nini Baxter anaonekana mpweke hivyo: yeye bado anavua kofia katika ulimwengu ambao umeacha.

Wapo watakaouliza kwa nini sikuweka Pillow Talk ya 1959, ya Doris Day na Rock Hudson, ambayo ni ya rangi na imejaa mavazi ya kupendeza. Kizuizi chake, nyumba mbili zinazotumia laini moja ya simu, ni desturi iliyopotea ambayo inapendeza kuiona. Lakini mwanamume wake anashinda kwa udanganyifu mtupu, na sifurahii kumwona akishinda.

Kwa nani, na kwa jioni ipi

Muda ukiwa mfupi, The Shop Around the Corner ina dakika 99 na It Happened One Night 105, wakati Roman Holiday inafika 118 na The Apartment 125. Kwa upande wa lugha, Roman Holiday ndiyo nyepesi, ikifuatiwa na filamu ya Lubitsch, ambayo maneno yake yametamkwa wazi kama ya jukwaani. Ya Capra na ya Wilder zina lafudhi na misemo ya mitaani ya Kimarekani, na manukuu yatasaidia sana.

Familia yenye watoto na wazee sebuleni ichague Roman Holiday, kwa sababu hakuna atakayelazimika kutoka kwenda jikoni kwa aibu. Wachumba wanaokaribia kuoana, hasa wale ambao mambo ya fedha na wakwe yanawasumbua, watapata mengi ya kuzungumza baada ya It Happened One Night, na mwanamke ana haki ya kusimamisha filamu pale kwenye kijito na kusema analofikiri. Aliyechoka na ofisi, aliyewahi kumezea mate cheo ambacho gharama yake hakuipenda, aitazame The Apartment peke yake, tena usiku.

Kwa wengine wote nashauri The Shop Around the Corner kwanza. Sababu yangu ni kwamba ndani yake hakuna tajiri, hakuna taji wala mkubwa mwovu wa kulaumiwa kwa kila kitu. Vizuizi vimetokana na haya, kiburi na utaratibu wa kazi, vitu ambavyo kila mtu anavyo, na vinaondolewa kwa subira ya mtu mmoja anayejua zaidi ya mwenzake na hataki kumwaibisha. Itazamwe Desemba kama inawezekana, maana nusu yake ya mwisho ni pilikapilika za wateja wa Krismasi na theluji nje ya duka. Atakayeipenda anaweza kuendelea na You've Got Mail ya 1998, ambayo imelichukua wazo hilohilo na kubadilisha barua kwa barua pepe. Lakini aitazame baadaye, si kabla, ili asifike kwenye dirisha la mkahawa akiwa tayari anajua Pirovitch anakwenda kusema nini.